MPPT au paneli ya pili?

Mteja wa Mafinga au Njombe, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, akilalamika kuwa betri ya sola haijai, fundi mmoja atamwambia abadilishe chaji kontrola, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli uingiao kwenye betri, aweke ya aina ya MPPT. Mwingine atamwambia aongeze paneli. Wote wana hoja, ila kila mmoja anazungumzia msimu wake.

Hoja ya MPPT iko kwenye volti. Paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12 hutoa takriban ampea 5.5 kwa volti 18. Kontrola ya kawaida, PWM, huishusha paneli hadi volti za betri: 5.5 mara 13, wati 72 hivi. MPPT huzigeuza volti zilizozidi kuwa ampea, ukapata zaidi ya wati 90. Baridi ya huku inaipa uzito hoja hiyo, maana kila nyuzijoto inayozidi 25 kwenye paneli hula karibu asilimia 0.4 ya nguvu, hasa kwa kupunguza volti. Julai ya Makete, MPPT inavuna.

Tatizo ni kwamba Julai si mwezi wa shida. Betri hulala njaa kati ya Novemba na Aprili, mvua na mawingu yakitawala. Wingu zito likiiacha paneli na wati 10, nyongeza ya robo ni wati 2.5, na kontrola yenyewe inakula humo humo. Paneli ya pili inaleta wati 10 nzima. Kwa nyumba ya taa na simu sioni ubishi: ongeza paneli, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Kontrola ya ampea 10 itazidiwa na ampea 11, basi weka ya 20. Waya nao ubadilishwe: mita 10 za waya wa milimita za mraba 1.5 zitameza volti 2.6 hivi, kwenda na kurudi. Tumia wa milimita za mraba 4.

Kwa paneli kubwa hesabu inageuka. Ya wati 330, volti 37, ukiifunga kwa PWM kwenye betri ya volti 12 utaambulia wati 115 hivi. Karibu theluthi mbili umelipia bure. Hapo MPPT ni lazima, na iwe MPPT kweli, si stika tu. Pima mchana betri ikiwa haijajaa: ampea ziingiazo kwenye betri zikilingana na zitokazo kwenye paneli, umeuziwa PWM.

Ukiunga paneli mbili ndogo kwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, volti 22 kila moja bila mzigo, jumla ni 44. Asubuhi ya nyuzi sifuri hupanda hadi 47 au 48. Kontrola yenye kikomo cha volti 50 iko ukingoni. Chukua ya 75 au 100.

Mfululizo una faida moja kwenye kivuli. Tawi la mkaratusi likifunika kona ya paneli ndogo, nusu yake hulala na inayobaki ina volti 9, haiwezi kuchaji betri ya 12. Mbili kwa mfululizo hubaki na volti 27, MPPT ikaendelea kuchaji. Ila panga la kukatia tawi ni rahisi kuliko kontrola.