Sheha Wangu Sikumchagua, Diwani Wangu Simjui

Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa wetu hapa Unguja, kaenda mazikoni. Mara ya pili kaitwa wilayani, mkutano. Mara ya tatu nikamkuta barazani kwake, vifungo viwili vya shati vimefunguliwa kwa joto, kikombe cha kahawa pembeni, muhuri umelala juu ya daftari kama paka. Nikapiga hodi, nikamwamkia, nikaeleza shida yangu: nataka barua ya kuthibitisha kuwa mimi ni mkaazi wa pale, mambo ya umeme.

Akanitazama. "Wewe mtoto wa nani vile?"

Nimekaa mtaa ule miaka tisa. Nikamtajia jina la baba, hakulitambua. Nikataja la babu, ambaye ni mtu wa Makunduchi na Mjini akija kwa mkono wa pole tu, basi ndiyo nikaharibu kabisa. Mwisho nikamwambia nyumba yangu ni ile ya geti la kijani, mkabala na kontena la taka. "Aaa! Pale jaani!" Uso ukachangamka. Akashika kalamu, akaandika kwa hati nzuri ya watu waliosoma zamani kwamba mtajwa hapo juu ni mkaazi wa shehia yangu na ninamfahamu vyema. Akagonga muhuri.

Basi ninafahamika vyema. Kwa jaa.

Nikaona nisiondoke hivi hivi. "Sheha, na hilo jaa lenyewe? Wiki ya pili sasa, funza wanavuka barabara." Akashusha pumzi. "Mwanangu, jaa si langu. Jaa la manispaa." Nikamuuliza manispaa ipi, maana barabara yetu ndiyo mpaka: upande huu manispaa moja, ule nyingine, kontena lipo huku na wanaolijaza wengi wanatoka kule. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Hilo ndilo suali."

Nimerudi nyumbani na hasira, nikakaa kuhesabu nani hasa anautawala Mkoa wa Mjini Magharibi. Ukianzia juu, Rais wa Zanzibar anamteua Mkuu wa Mkoa. Rais huyo huyo anawateua Wakuu wa Wilaya, nao ni watatu: Mjini, Magharibi A na Magharibi B. Mkuu wa Wilaya anapendekeza, Mkuu wa Mkoa anamteua sheha. Hapo umefika chini kabisa, mlangoni kwangu, na ukishampita Rais, njia nzima hukukuta sanduku la kura hata moja. Pembeni ya ngazi hiyo kuna ngazi ya pili: manispaa tatu, zenye mabaraza ya madiwani, na wakurugenzi ambao nao ni wa kuteuliwa. Juu ya manispaa tatu tuna Jiji, lina meya, ana joho na mkufu. Halafu wapo wengine wenye mji wao ndani ya mji: maji yana mamlaka yake, umeme shirika lake, ardhi kamisheni yake, Mji Mkongwe una mamlaka yake tangu 1985. Juu ya mikoa na manispaa kuna wizara iliyo Ofisi ya Rais, yenye jina refu kiasi kwamba ukilisoma lote kwa simu salio linakwisha.

Yote haya kwa kilomita za mraba 230. Wapo watu wana mashamba makubwa kuliko hivyo.

Lakini sikukaa kuandika kwa sababu ya wingi wa maofisi. Mji mkubwa utakuwa na maofisi, sawa, hata hao wenye sifa duniani wanayo. Kinachonikera ni huyu mmoja, wa mwisho, mwenye muhuri. Sheha ndiye serikali pekee ninayokutana nayo uso kwa uso. Ukitaka kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kwa sheha. Ukiuza kiwanja, sheha. Mtoto, mgeni, ugomvi wa mpaka, karo la jirani linalotiririsha uchafu uwanjani kwako, sheha. Na ndiye ambaye katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza kama namtaka.

Nitaambiwa: lakini unaye diwani, umemchagua. Kweli nimemchagua. Mwaka wa uchaguzi tulipewa karatasi, ya diwani ikiwa imefunikwa na zile kubwa zote, nikatia alama kwenye chama changu kama mtu anayetia chumvi. Jina lake silikumbuki. Jaribu leo, simama Darajani, uliza watu kumi diwani wao nani. Kisha waulize sheha wao nani, nyumba yake ipi, anapenda nini, mkewe anatoka wapi. Aliyechaguliwa hajulikani, anayejulikana hakuchaguliwa, na kati yao wawili taka zinaoza.

Cheo hiki kina asili yake, na asili yake haikuwa mbaya. Masheha wapo tangu enzi za Mwinyi Mkuu, mtawala wa zamani wa Unguja, kabla ya Mngereza, kabla ya Mapinduzi. Sheha alikuwa mtu wa kijiji. Alijua mnazi upi wa nani, nani kamwoa nani, nani kagombana na nduguye juu ya kisima. Neno lake lilikuwa na uzito kwa sababu hakuwa na pa kujificha: akidhulumu leo, kesho yuko safu moja na aliyemdhulumu msikitini. Kijiji hakikuhitaji kura, kilikuwa na macho.

Sasa ichukue kazi hiyo uilete Mjini Magharibi ya leo. Sensa ya 2012 ilituhesabu 593,678. Ya 2022 ikatuhesabu 893,169. Karibu watu laki tatu zaidi katika miaka kumi, na sisi peke yetu tunakaribia nusu ya Wazanzibari wote 1,889,773. Na watu hao hawakwenda Mji Mkongwe wala Ng'ambo ya zamani, kule hakuna hata pa kuegesha vespa. Wamekwenda Fuoni, Kwarara, Tomondo, Kinuni, Chuini, Fumba. Nilipokuwa mdogo Fuoni ilikuwa shamba, tunakwenda kuokota embe na kurudi na miba. Leo nenda ukaokote embe Fuoni uone, utaokota tofali. Mmoja anatoka Wete, mwengine Tanga, mwengine kahamia kutoka Kikwajuni baada ya kugawana urithi, na hakuna anayejua mwenziwe ni mtoto wa nani. Sheha wa hapo atayatoa wapi macho ya kijiji? Hana. Alichobaki nacho ni muhuri, na aliyempa muhuri ni Mkuu wa Mkoa. Kwa hiyo akiwa na wasiwasi, anatazama juu. Mimi nipo chini, nanuka jaa.

Simlaumu yeye kama mtu, na hapa lazima niseme ukweli hata kama haunifurahishi. Sheha wetu ni mzee mwema. Usiku wa mvua za masika mwaka mmoja alitoka na tochi na fimbo kuhamisha watoto wa nyumba tatu zilizoingiwa na maji, suruali imekunjwa hadi magotini, na sikumwona mkurugenzi wala meya. Kipindupindu kikiingia, anayepita mlango kwa mlango ni yeye. Fungu la kuzoa hata ndoo moja ya taka hana. Ana lawama tu, na simu inayolia saa tisa za usiku. Wengi wetu kazi hiyo tusingeifanya hata kwa mshahara wa waziri. Haya, nimeshasema.

Lakini wema wake ni bahati yangu. Shehia ya pili hawakubahatika, na hawana la kufanya. Hapo ndipo penye shida. Mwenzangu mmoja wa huko alizungushwa miezi juu ya barua moja tu, na kila akiuliza anaambiwa "njoo Jumatatu". Amshitaki wapi? Wilayani, kwa yule yule aliyempendekeza? Ya nani kakalia maskani ya chama kipi na amevaa kofia ya rangi gani siku ya mkutano, sitayaandika hapa. Mnayajua.

Najua jibu linalokuja, kwa sababu nililitoa mwenyewe kwa miaka. Kwamba tukianza kupiga kura mpaka kwenye shehia, tutaingiza vyama uani, jirani hatazikana na jirani. Hofu hiyo siidharau. Sisi ni watu wa Januari 2001, damu ilipomwagika kwa ajili ya uchaguzi. Sisi ni watu wa Oktoba 2015, tumelala na matokeo tukaamka yamefutwa, tukarudishwa vituoni Machi 2016. Nakumbuka miaka ya kususiana, watu hawanunui mboga kwa mtu wa upande mwengine. Ndiyo maana maridhiano ya vyama ya 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, ya serikali ya umoja, tuliyapokea kama mvua. Mtu aliyepitia hayo akisema "kura nyingine sitaki", namwelewa.

Ila tuambizane: kwani sasa sheha anaonekana hana chama? Muulize mtu yeyote wa upinzani anamwonaje sheha wakati wa kuandikisha wapiga kura. Chama kimo uani tayari, tena kimekaa kwenye kiti kimoja tu, na hakuna tarehe ya kukiamsha. Na kama tatizo ni vyama, basi mgombea wa usheha asipitie chama. Watu wa shehia wakutane uwanja wa skuli, wasimame watatu wanaojulikana, bila bendera wala fulana za bure, wapigiwe kura ya siri, miaka mitatu, basi. Mkuu wa Mkoa abaki na kumwapisha kama anapenda sherehe.

Wengine wataninyooshea Bara. Kule mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa, nimeona wamefaidi nini? Mwaka 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa mafungu, vyama vyao vikuu vikajitoa, watu wakapita bila kupingwa kama wanagawana biriani. Kweli. Sina la kupinga hapo. Lakini kaka yangu anakaa Temeke, na mwenyekiti wa mtaa wake alipolala na pesa za ulinzi shirikishi, watu walimngoja. Walingoja miaka, wakahesabu miezi, siku ilipofika wakamwambia ahsante kwa heri. Sisi hatuna hata cha kungoja.

Juu ya mipaka ya manispaa sitasema mengi, nitapandisha presha. Mtaro wa mvua haujui A na B.

Na tukizungumza taka, mnajua zinakokwenda zikibahatika kuzolewa? Kibele. Wilaya ya Kati, Mkoa wa Kusini. Yaani sisi tunakula, tunatupa, na uchafu wetu unavuka mpaka wa mkoa kwenda kwa watu ambao hawana diwani katika baraza letu lolote, wala meya wetu si meya wao. Nilipolijua hilo nikaona aibu kidogo kulalamikia wiki mbili. Kidogo.

Juzi nikarudi kwa sheha, safari hii bila shida, nimepita tu na mkate wa kumimina. Nikamweleza mawazo yangu haya yote, ya kura na uwanja wa skuli. Nilidhani atakasirika. Akatafuna taratibu, akafuta mikono kwa leso, akaniuliza: "Na ukigombea wewe, wangapi watakujua?"

Nikamwambia watu wa jaani wote.

"Basi usilihimize liondoke," akasema, akanimiminia kahawa.

Mpaka naandika hapa kontena bado lipo. Asubuhi hii limekuja gari la taka, likasimama upande wa pili wa barabara, likazoa ya kule, likaondoka.