Vistari vitatu kabla ya Gairo

Kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Dodoma, mwenye gari la michezo la Kijapani la milango miwili, alizimikiwa usiku kwenye mpando wa kuelekea Gairo akitokea Morogoro. Alipopita Dumila dashibodi ilimwonyesha kwamba mafuta yaliyobaki yanamtosha kilometa 110. Gairo haiko mbali hivyo, basi sheli za Dumila akaziacha nyuma. Kazi ikawa kuyapita malori ya kwenda Rwanda na Kongo, moja baada ya jingine. Ile namba ikaanza kuporomoka, halafu ikatoweka kabisa, vikabaki vistari vitatu. Rafiki yake aliyekaa pembeni akamwambia, "Hiyo imekufa kaka, achana nayo." Hawakwenda mbali. Gari likakohoa mara mbili, likanyamaza, na petroli ikaja na bodaboda kwenye dumu la lita tano, kwa bei ambayo mpaka leo hataki kuitaja. Siku hizi ukimgusia habari ya dashibodi anakujibu kwa neno moja: mwongo.

Hayuko peke yake. Gereji za Chang'ombe wanasema vivyo hivyo, na huko wana hoja zao. Magari ya aina hii yanatufikia yakiwa na miaka kumi na zaidi. Boya la kupima mafuta kwenye tanki limechakaa, maandishi ni ya Kijapani, na dereva hajui anaambiwa afunge mkanda au abadilishe oili. Impreza, ambayo kwa hapa mjini ndiyo gari la michezo la walio wengi, mara nyingi inasukuma magurudumu yote manne, kwa hiyo tanki lake limekalia shafti ya kwenda magurudumu ya nyuma kama tandiko la punda: mafuta yako kulia na kushoto. Liegeshe kwenye mteremko, mshale wa geji utasogea bila hata tone kutumika. Fundi aliyeona hayo kwa miaka ishirini akikwambia usiamini dashibodi, amini sikio lako, huwezi kumwita mjinga.

Ila mimi naona dashibodi inaonewa. Ile namba ya kilometa zilizobaki watu wanaisoma kama ahadi, wakati ni hesabu ya kugawa na kuzidisha tu. Kompyuta inaangalia lita zilizobaki, inaangalia gari limekuwa likinywa vipi siku za karibuni, kisha inazidisha. Haijui kama mbele kuna mlima. Haijui umekasirishwa na lori lililokuzibia njia tangu Dumila.

Chukua lita 11, ambazo kwa makadirio yangu ndizo alizokuwa nazo huyu kijana. Toka Morogoro alikuwa anatembea taratibu, tuseme kilometa 10 kwa lita moja, ndiyo maana akaona 110. Mpando ulipoanza, na mguu ukawa chini, gari la michezo linaweza kushuka mpaka kilometa 5 kwa lita bila shida yoyote. Lita zilezile 11 sasa ni kilometa 55. Hakuna aliyeiba mafuta wala tanki halikutoboka. Na kompyuta ilimwambia, tena papo kwa papo: namba iliposhuka kwa kasi kuliko kilometa alizotembea, huo ndio ulikuwa ujumbe wenyewe. Magari mengi, mafuta yakishapungua kiasi cha kompyuta kutoweza kukadiria, huondoa namba na kuweka vistari. Maana yake ni "sina tena cha kukuhesabia, tafuta sheli". Wao wakasoma kwamba imekufa.

Kinyume chake hutokea pia, na hakuna anayelalamika. Ukizunguka wiki nzima kati ya Area D, Majengo na Mtumba, simama nenda, kiyoyozi kikiwaka, lita 20 zinaweza kuandikwa kilometa 120. Ijumaa jioni ukishika barabara ya Dar kwa mwendo wa kistaarabu, unafika Kibaigwa, karibu kilometa 90 toka mjini, unakuta bado inasema una 100. Hapo watu husifia gari. Uongo tunauona namba ikishuka tu. Ikipanda ni baraka.

Kuna jingine linalotuhusu sisi hasa. Japani dereva anajaza tanki. Sisi tunaweka "ya elfu ishirini", na kwa bei za miaka hii hiyo haifiki lita nane. Mafuta hucheza ndani ya tanki kila gari likikata kona, kwa hiyo kompyuta imefundishwa kutoshtuka na mabadiliko madogo, la sivyo namba ingekuwa inaruka kama panzi. Ukiongeza kidogo, tena swichi ikiwa imewashwa ili redio isizimike, magari mengine hayatambui kabisa kwamba umeongeza. Unaondoka sheli, unaangalia namba, iko palepale. Mara ngapi mtu amegeuza gari kurudi kumgombeza muuza mafuta kwamba amempunja? Sisemi hakuna wanaopunja. Nasema kabla ya kumshika mtu shati, zima gari kabisa wakati wa kujaza, halafu tembea kilometa kadhaa uone.

Fundi wangu ananiambia njia yake ni bora: jaza tanki mpaka bomba likate lenyewe, sifurisha kilometa za safari, tembea, rudi kwenye pampu ileile ujaze tena, gawanya kilometa kwa lita. Nakubali, hakuna kipimo kizuri cha ulaji wa mafuta kuliko hicho. Nilimuuliza tu hizo kilometa anazisoma wapi. Akacheka.

Wenye magari ya Ulaya wana mtego wao. Jamaa alinunua gari la michezo la Kijerumani akawa anajigamba kwamba linakwenda 12.5, karibu sawa na gari la kawaida la familia. Kilichoandikwa pale ni lita 12.5 kwa kila kilometa 100, yaani kilometa 8 tu kwa lita. Kwenye kipimo hicho namba kubwa ndiyo mbaya. Alipoelewa alikaa kimya kidogo, akasema anaipenda dashibodi ya zamani.

Kama kuna mahali dashibodi inakosea kwa makusudi, ni kwenye mwendo kasi, na hapo inakosea kwa faida yako. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wa nchi nyingi, inakataza mshale kuonyesha chini ya mwendo halisi, lakini inauruhusu kuzidisha hadi asilimia 10 na kilometa 4 juu yake. Ukiwa kwenye 50 halisi, mshale unaweza kusoma hadi 59. Kwenye 100, hadi 114. Kwa hiyo anayesema "nilikuwa 54, tochi ya trafiki ikasema 50, dashibodi mbovu" ameokolewa na huo ubovu. Hesabu hii inaharibika ukifunga rimu na matairi makubwa kuliko ya kiwandani. Gurudumu likizunguka mara moja gari linakwenda mbali zaidi ya dashibodi inavyodhani, na ile akiba inaliwa. Vijana wetu hubadili rimu kabla hata ya kubadili oili, halafu tochi ikiwapiga wanalaumu mshale. Hapa fundi ana haki ya kusema usiamini, ila aliyeifanya isiaminike yuko nyuma ya usukani.

Kuhusu taa nitakuwa mfupi, maana wengi rangi wanazijua. Nyekundu ya birika la oili ni kuzima injini hapohapo pembeni mwa barabara, hata kama nyumbani kunaonekana, kwa sababu presha ya oili ikikosekana injini haichukui muda kujiua, hasa yenye turbo. Ya njano ya injini ikitulia unaweza kufika gereji; ikipepesa, ondoa mguu, maana mara nyingi silinda mojawapo haichomi vizuri na petroli mbichi inakwenda kuunguza kichujio cha moshi. Fundi anayesema "hiyo ni sensa tu" mara nyingi yuko sahihi. Tatizo ni neno "tu". Sensa ya oksijeni ikichoka, kompyuta inaweza kumwaga petroli zaidi ya inayohitajika, na gari la kilometa 10 kwa lita likaanza kwenda 7.

Jumamosi nilikaa kwenye gari la yule kijana. Nikamwambia afungue swichi bila kupiga stata, kwa sababu hapo taa kuu za tahadhari hutakiwa kuwaka ili ujue zinafanya kazi. Ya oili ikawaka, ya betri, ya mikoba ya hewa, ya breki. Ya injini haikuwaka. Tulipofungua kioo cha geji tukakuta kipande cha utepe mweusi wa umeme, kimekatwa vizuri kwa wembe, saizi ya taa kamili. Alinunua gari hivyo. Tulipokibandua na kuwasha, taa ya njano ikawaka, na haikuzima.

Hajalipeleka bado kupimwa kwa kompyuta. Anasubiri mwisho wa mwezi.