Presha imepimwa umekaa, kizunguzungu kinakuja ukisimama

Ukigusa tu habari ya dawa za akili na presha watu wanagawanyika hapohapo. Familia zinasema hizi dawa zinammaliza mtu, akiinuka anapepesuka, bora aache. Wahudumu wanasema huyu anatafuta sababu ya kuacha dawa, mbona presha yake kliniki iko poa? Wahudumu wana hoja nzito na nitaifikia, ila kwenye hili la kizunguzungu naona wagonjwa wanaonewa.

Angalia inavyopimwa. Mtu kafika asubuhi, kakaa benchi weee mpaka anaitwa, anakaa tena kwenye kiti, nesi anamfunga mkono, mashine inasoma 118 kwa 76, inaandikwa kwenye kadi, wa pili aingie. Sasa klopromazini, dawa ya magonjwa ya akili, na amitriptilini, ya sonona na maumivu ya neva, kazi yake mbaya inaonekana zaidi mtu akisimama. Ukisimama, damu nusu lita au zaidi inateremkia miguuni na tumboni, mishipa inatakiwa ijibane fasta iirudishe juu, na hizi dawa zinazuia ule ujumbe wa kujibana, kwa hiyo ubongo unapungukiwa damu, macho yanaingia giza, mtu anatafuta ukuta ashike. Hii si habari mpya, klopromazini imeanza kupewa wagonjwa wa akili kule Paris mwaka 1952. Na kuigundua wala si kazi: pima akiwa amelala dakika tano, msimamishe, pima tena ndani ya dakika tatu, namba ya juu ikishuka 20 au ya chini ikishuka 10, tatizo lipo. Mashine ileile. Najua foleni ni ndefu, lakini kama hujampima amesimama basi usimwambie presha iko sawa, sema hujapima.

Na wanaoumia si wagonjwa wa akili peke yao. Mzee wa miaka 70 ana kisukari, miguu inawaka moto usiku, anaandikiwa amitriptilini, tayari anameza dawa ya presha na ya tezi dume, nazo zinashusha. Saa nane usiku anaamka kwenda kukojoa, hatua ya tatu yuko chini, nyonga imevunjika, asubuhi ndugu wanasema kateleza.

Haya, upande wa pili. Kuacha ghafla ugonjwa unarudi, mara nyingi kwa kishindo. Utafiti wa Finland wa 2009 ulifuatilia watu wenye skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, kwa miaka 11, waliotumia dawa kwa muda mrefu walikufa wachache kuliko wasiotumia kabisa, kwa hiyo hii ya "dawa zinaua" haisimami hivyo. Halafu kuacha na kurudia kienyeji kuna hatari yake, klozapini kwa mfano, dawa nyingine ya skizofrenia, ukiikosa siku mbili tu unatakiwa uanze upya na miligramu 12.5, ukirudi na dozi yako ya zamani presha inaweza kuporomoka ukazimia.

Wala si zote zinashusha. Venlafaksini, dawa ya sonona, inapandisha presha, na dozi ikiwa kubwa inapandisha zaidi. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, naye akiandikiwa dawa ya presha ya kukojoza, ile haidroklorothiazaidi, na dokta wa presha hajui habari ya lithiamu, lithiamu inajaa kwenye damu mpaka inageuka sumu.

Kama nyumbani kuna mashine, pimeni mara mbili, amelala na amesimama, andikeni namba zote mbili mpeleke kliniki. Zikionyesha inashuka yapo mengi ya kujaribu kabla ya kuacha, dokta anaweza kupunguza dozi, kuhamishia dozi kubwa usiku, kuangalia upya ile ya tezi, au kumpa haloperidoli, dawa nyingine ya akili ambayo kwenye kusimama haisumbui sana, ingawa hiyo nayo ina balaa lake la kukakamaa shingo.