Fotoni moja moja: tuzitafute kwenye baridi kali au joto la chumba?
Chanzo kizuri cha fotoni, yaani chembe za nuru, hutoa fotoni kila kinapochochewa, hutoa moja wala si mbili, na fotoni zake zote hufanana. Leza iliyofifishwa haifiki hapo: wastani ukiwa fotoni 0.1 kwa mpigo, mipigo takriban 90 kati ya 100 hutoka mitupu, na mara nyingine bado hutoka mbili pamoja.

Vyanzo vya yabisi vinavyosifiwa zaidi ni nukta za kwanta, yaani vipunje vya indiamu na aseniki ndani ya kristali ya galiamu na aseniki. Zamani nuru nyingi ilinaswa humo, ikitoka takriban asilimia 2 tu. Vioo vidogo vilivyozingira nukta vimebadili hali hiyo: mwaka 2021 watafiti wa Basel, Uswisi, walifikisha asilimia 57 kwenye ncha ya faiba. Lakini nukta hizo hutaka kelvini 4 hivi, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri.

Dosari ya almasi, atomu ya naitrojeni iliyo kando ya nafasi tupu, hufanya kazi katika joto la chumba. Udhaifu wake ni mitikisiko ya kristali, inayotawanya rangi hata nuru inayobaki kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 637, rangi nyekundu, ni asilimia 3 au 4 tu. Fotoni za namna hiyo hazifanani, na bila kufanana kompyuta ya nuru haiwezekani. Hapo nukta baridi zimeshinda, tena kwa mbali.

Hata hivyo, kwa maabara ya fizikia ya Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, ningechagua almasi. Umeme wa Nairobi ukikatika, mtambo wa kupoza husimama na kuurudisha kwenye kelvini 4 huchukua saa nyingi; mwanafunzi hupoteza siku nzima ya vipimo. Kusambaza ufunguo wa siri, yaani kutumia fotoni kupeana namba za kufungia ujumbe, hakudai fotoni zifanane, kunadai itoke moja. Wapo wanaosema leza hafifu yenye mipigo ya chambo, yaani mipigo ya nguvu tofauti inayochanganywa ili kumfichua mdukuzi, inatosha. Kwa huduma ya leo, ni kweli. Lakini leza haimfundishi mwanafunzi kupachika kipunje cha almasi kwenye antena ya metali na kupima nuru imeongezeka kiasi gani, na ujuzi huo ndio tunaouhitaji.

Kupeleka ufunguo hadi Mombasa tusikutaje bado. Hata fotoni za nanomita 1550, zinazopotea desibeli 0.2 tu kwa kilomita ya faiba, zikisafiri kilomita 480 hufika fotoni moja katika bilioni nne. Nyekundu ya almasi hufa mapema zaidi ndani ya faiba. Hewani hupita vizuri, na kutoka Chiromo hadi Upper Hill, paa kwa paa, usiku jua lisipojaza kipokezi, jaribio hilo linawezekana.