Mchawi Asilale Mapema: Kusawazisha Mapambano ya Leveli za Juu

Ukisimamia Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia na kurusha kete, mpaka wahusika wavuke leveli ya 13, utalisikia lalamiko hili: mchawi anamaliza pambano peke yake, na mpiganaji anafikiwa na zamu yake adui akiwa amekwisha. Wasimamizi wengi huanza kufuta speli (uchawi anaourusha mchawi), au humpa mpiganaji upanga wa +3 (unaoongeza 3 kwenye kupiga na kwenye madhara) wakadhani wamefidia. Napinga dawa zote mbili. Bei ya nguvu za mchawi ni usingizi, kwa kuwa nguvu alizozitumia hazirudi mpaka alale, na msimamizi anayeweka pambano moja kwa siku amemgawia mchawi nguvu hizo bure.

Namba nitakazotumia ni za toleo la tano la mwaka 2014. Kanuni zake za msingi zilitolewa kwa leseni ya Creative Commons mwaka 2023, kwa hiyo sehemu kubwa ya ninayoyasema hapa unaweza kuipakua bila malipo na kuikagua. Pale ambapo marekebisho ya 2024 yamefanya vizuri zaidi, nitasema.

Tuanze na madhara, maana ndiko watu wanakoangalia kwanza. Mpiganaji wa leveli ya 17 mwenye Strength 20 na upanga mkubwa wa +3 ana nyongeza ya +14 ya kupiga. Dhidi ya adui mwenye kinga 19 (jumla ya kete ya pande 20 na nyongeza inayotakiwa ili pigo lifike) anapata kwa asilimia 80. Kila pigo linalofika ni wastani wa pointi 15, na ana mapigo matatu kwa tendo moja, kwa hiyo, pamoja na mapigo ya kete 20 yanayoongeza madhara, ni kama pointi 37. Katika raundi nne, akitumia Action Surge (uwezo wa kuongeza tendo moja kwenye zamu) mara mbili, anapata matendo sita ya kushambulia: pointi 222. Mchawi wa leveli hiyohiyo akirusha Meteor Swarm, speli ya vimondo, anakusanya kete 40 za pande 6, wastani 140, na adui akijiokoa (akirusha kete ya kupunguza athari na kufaulu) zinabaki 70. Speli hiyo ni ya ngazi ya 9, na nafasi ya ngazi hiyo, yaani ruhusa ya kurusha speli mara moja, anayo moja tu. Kwa hiyo adui mkubwa akiwa mmoja, mpiganaji hapungukiwi kitu.

Maadui wakiwa wengi, hesabu inageuka. Wanne, wawili wajiokoe na wawili washindwe, tayari ni pointi 420 kwa tendo moja, na mpiganaji angehitaji zaidi ya matendo kumi na moja. Hiyo ni kazi halali ya mchawi na haifai kunyang'anywa. Kinachoharibu mchezo ni mchawi kuweza kufanya hivyo, halafu afunge zimwi jingine kwa Forcecage, kizimba cha kichawi, halafu arushe speli ya ngazi ya 8 na ya ngazi ya 6, yote ndani ya raundi nne, kisha kundi likalala.

Mchawi wa leveli ya 17 ana nafasi 19 kwa siku: nne za ngazi ya 1, tatu za ngazi ya 2, tatu za 3, tatu za 4, mbili za 5, na moja moja kutoka 6 hadi 9. Arcane Recovery, uwezo wake wa kurejesha nafasi bila kulala, inamrudishia nafasi zenye jumla ya ngazi 9, ila haigusi ngazi ya 6 na kuendelea. Nafasi nzito zinabaki nne. Mpiganaji, kwa upande wake, anarudishiwa Action Surge zote mbili kila mapumziko mafupi (ya saa moja, tofauti na marefu ya kulala). Siku yenye mapumziko mafupi mawili inampa sita. Battle Master, aina ya mpiganaji mwenye kete sita za ziada zinazorudi vilevile, anazitumia 18 siku hiyo. Mwongozo wa msimamizi wa 2014 ulikadiria kundi linaweza kumudu mapambano sita hadi nane ya kati au magumu kwa siku, pamoja na mapumziko mafupi mawili. Hesabu nzima ya mpiganaji imejengwa juu ya siku ya namna hiyo. Ukiifupisha, yeye ndiye anayekatwa mshahara, mchawi haguswi.

Najua pingamizi: pambano la leveli ya 17 linaweza kula saa mbili, nani atacheza manane? Hakuna anayelazimika. Siku ya mchezo na kikao cha mezani ni vitu viwili tofauti. Siku moja inaweza kuchukua vikao vitatu, ilimradi kila mchezaji aandike nafasi na pointi za uhai zilizobaki kabla ya kuondoka. Mimi naona mapambano manne yanatosha, na mawili kati yake yawe ya mawimbi: nusu ya maadui wawepo mwanzoni, nusu waingie raundi ya tatu. Wimbi la pili lina faida ambayo kuwatawanya maadui hakuleti. Kutawanya kunasaidia dhidi ya Fireball yenye nusu kipenyo cha futi 20. Meteor Swarm ina duara nne za futi 40, kila moja inawekwa inakotakiwa, na inafika hadi maili moja. Dhidi yake, adui aliye salama ni yule ambaye bado hajaingia.

Kosa linalofuata ni kuzuia usingizi kwa kutumia mahali. Msimamizi anasema shimo hili ni la hatari, hamwezi kulala. Mchawi anafungua Magnificent Mansion, jumba la anasa linalodumu saa 24 na lenye mlango asiouona mtu mwingine, na hoja imekwisha. Zuia kwa saa. Ibada ya adui ikamilike machweo. Mateka wahamishwe usiku. Jeshi lifike mtoni kesho. Kanuni inasema mhusika hanufaiki na mapumziko marefu zaidi ya moja ndani ya saa 24; kundi lililoamka saa 12 asubuhi na kumaliza pambano la kwanza saa 3 lina siku nzima mbele yake. Halafu timiza ulichosema. Wakilala, ibada ikamilike kweli. Tishio lisilotekelezwa hata mara moja halitazuia usingizi tena.

Ipo pia kanuni ya hiari inayofanya mapumziko mafupi kuwa saa 8 na marefu kuwa siku 7. Inafaa kampeni ya safari ndefu, lakini inaua speli za kudumu: Mage Armor ya saa 8 iliyokusudiwa kufunika mapambano kadhaa inaishia kwenye moja. Ukiitumia, refusha muda wa speli za namna hiyo, la sivyo umemwadhibu mchawi mahali ambapo hakukuwa na tatizo.

Sasa speli zisizompa adui nafasi ya kujiokoa. Hizi ndizo pekee ninazokubali ziguswe. Forcecage ya 2014 hudumu saa nzima bila kuhitaji umakini (speli ya umakini hukatika mchawi akipigwa na kushindwa kujiokoa), na adui hapati kete ya kuikwepa inapomshukia. Labda awe na uwezo wa kujihamisha kichawi, na hapo ndipo anaporusha kete. Unga wa rubi wa dhahabu 1,500 hautumiki ukaisha, kwa hiyo ukinunuliwa mara moja ni wa maisha. Toleo la 2024 liliifanya ihitaji umakini na imalize unga huo. Chukua badiliko hilo hata kama meza yako inacheza toleo la zamani. Wall of Force, ukuta wa kichawi, naiacha ilivyo, kwa sababu inahitaji umakini na speli ya Disintegrate inaivunja. Simulacrum, speli ya kutengeneza nakala ya mtu, iruhusiwe nakala moja, na nakala isitengeneze nakala nyingine kupitia Wish, speli inayoweza kuiga speli nyingine. Hapo sina mjadala: mnyororo huo unamaliza mchezo kwa kila aliyeketi mezani.

Legendary Resistance inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa imekusudiwa kusawazisha na badala yake inawatenganisha wachezaji. Joka jekundu la kale lina pointi 546 za uhai na linaweza kugeuza kushindwa kuwa kujiokoa mara tatu kwa siku. Matokeo yake ni mbio mbili zisizohusiana: mpiganaji anashusha pointi za uhai, mchawi anachoma zile tatu. Mchawi akimaliza kwanza, speli moja inafunga pambano na jasho la mpiganaji limekwenda bure. Mpiganaji akimaliza kwanza, mchawi ametupa nafasi tatu nzito bila faida. Ninachopendekeza ni kuzifunga pamoja: kila joka linapotumia Legendary Resistance, lipoteze sehemu moja ya kumi ya pointi zake za uhai, yaani 54. Likitumia zote tatu limepoteza 162, zinabaki 384 za kumalizwa kwa upanga. Nafasi ya mchawi sasa imelipa hata pale joka lilipojiokoa, na mpiganaji anaona kazi yake ikifupishwa na mwenzake. Usitumie namba moja kwa mazimwi yote. Lichi, mchawi aliyekufa lakini bado anatembea, ana pointi 135 tu. Ukimtoza 54 kila mara, anajiua mwenyewe.

Upande wa mpiganaji, upanga wa +3 ndiyo zawadi ya mwisho. Kwanza mpe miguu. Joka la kale linaruka futi 80 kwa zamu, na mpiganaji wa upanga aliyebaki chini ana mkuki wa kurusha wa futi 30, au hadi 120 kwa kurusha kete mbili na kuchukua ndogo. Asitegemee mchawi amrushie Fly, kwa sababu mchawi akipoteza umakini mpiganaji anaanguka, kete moja ya pande 6 kwa kila futi 10. Winged Boots, zinazoruka hadi saa nne, zinamfaa kuliko silaha yoyote.

Kisha mpe akili isiyotekwa. Mpiganaji mwenye Wisdom 12 ana +1 ya kujiokoa dhidi ya uchawi wa akili. Mbele ya lichi ambaye speli zake zina kiwango cha kujiokoa cha 20, anahitaji 19 au 20 kwenye kete: asilimia 10. Indomitable ya 2014, uwezo wa mpiganaji, inamruhusu kurusha upya, na jumla inafika asilimia 19 tu. Ya 2024 inaongeza leveli yake kwenye rusho hilo la pili, nalo linafaulu kwa asilimia 95. Sioni badiliko lingine linalofanya kazi kubwa kiasi hicho kwa sentensi moja. Mpiganaji aliyegandishwa raundi tatu ni mtu aliyepoteza jioni yake.

Kushambulia umakini wa mchawi ni haki, ila jua unamshambulia nani. Mchawi mwenye +2 ya kujiokoa kwa Constitution akipigwa mishale minne midogo anahitaji 8 kwenye kila kete, na uwezekano wa kushikilia speli mpaka mwisho ni kama asilimia 18. Aliyejiandaa kwa Resilient, kipaji kinachoongeza kujiokoa, ana +8, anahitaji 2 tu, na anashikilia kwa asilimia 81. Huyo wa pili mishale haimtishi. Pumzi ya joka la kale inatoa wastani wa 91. Hata akijiokoa anapata madhara 45, na kiwango cha kushikilia ni 22, kwa hiyo anafaulu kwa asilimia 35. Mpiganaji aliyesimama kati ya joka na mchawi hazuii pumzi, lakini akiwa na kipaji cha Sentinel, shambulio lake la fursa (pigo la bure kwa adui anayemwacha) likimpata adui linamsimamisha hapohapo. Dhidi ya maadui wa ardhini wanaomkimbilia mchawi, hiyo inaokoa speli nzima.

Eneo lisilofanya kazi uchawi, kama jicho la zimwi liitwalo beholder lenye koni ya futi 150, litumie kwa kiasi na liwe linazungushwa. Adui ageuke, mchawi ahame, pembe zibadilike kila raundi. Ukilijaza pango zima, umemfanyia mchawi kilekile ambacho mpiganaji alikuwa akikilalamikia.