Anayejibu bure naye ana haki yake

Mombasa mtu hataji shida kabla ya kupiga hodi na kujuliana hali. Kwa hivyo si ajabu kwamba wengi wanaojiunga na makundi ya watumiaji wa Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) na programu huria (zilizo wazi kwa yeyote kuzitumia na kuzibadilisha), yale ya WhatsApp na Telegram ambako watu husaidiana bila malipo, hutoka wakinung'unika. Mtu huandika "Asalaam alaikum, kuna mtu hapa?" kisha hungoja. Jibu likija ni: "Weka swali, na picha ya skrini." Hakukaribishwa wala hakurudishiwa salamu. Anaondoka akisema wajuzi hawa wanaringa.

Kwa upande wa salamu, ana haki. Kusalimu ni suna, kuijibu salamu ni wajibu, na "waalaikum salaam" haimalizi bando la mtu. Lakini hilo la maringa nalipinga, kwa sababu linamwonea mtu asiye na wa kumtetea.

Mtazame huyo anayejibu. Yumo ndani ya matatu ya Bamburi jioni, ametoka kazini, simu ni yake na bando ni lake. Anasoma: "Laptopu yangu imekataa." Imekataa nini? Kuwaka, kushika Wi-Fi, kuchapisha? Ni ya aina gani, ina toleo gani la mfumo, na kabla haijakataa ulikuwa umefanya nini? Yote hayo itabidi ayaulize moja moja, na muulizaji kesha kwenda kula. Swali lingewekwa kamili, salamu yake juu, lisingemngoja mtu fulani. Wa zamu ya usiku bandarini Kilindini angelijibu saa nane, au mwanafunzi wa Tudor baada ya alfajiri.

Ndivyo ilivyo pia kwa wale wanaokimbilia inboksi kwa kuona haya. Mficha uchi hazai. Jibu la inboksi linawafaa wawili tu, na kesho mwingine atauliza lile lile. Baya zaidi, halina wa kulisahihisha. Amri ya dd, inayotumika kuandika mfumo mpya kwenye fleshi, ukikosea herufi moja ya jina la diski inaweza kufuta kila kitu ulichonacho. Mbele ya kundi, yupo atakayepaza sauti: "Ngoja, usibonyeze!" Inboksini hayupo.

Anayedhani kwamba hayo ni mambo madogo ya makundi ya simu na aikumbuke xz, programu ya kubana data iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi mtunzaji wake alikuwa mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, bila mshahara. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumwandama hadharani: mbona kazi inakwenda polepole, mbona asimwachie mwingine? Aliwajibu kwamba ana matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba hii ni kazi ya kujitolea isiyolipwa. Hawakumwacha. Mwishowe msaidizi aliyejiita Jia Tan akapewa mamlaka, na mwaka 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa nyuma uliofichwa ndani, yaani njia ya siri ya kumwingiza mvamizi kwenye kompyuta za watu. Uligunduliwa na mhandisi wa programu Andres Freund, aliyeshangaa kuona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali nayo, kunachelewa kama nusu sekunde. Akautangaza tarehe 29 Machi 2024.

Kinachonikosesha raha ni silaha iliyotumika kumlegeza Collin. Hapo mwanzo haukuwa ujuzi wa kompyuta. Yalikuwa malalamiko, ya aina ile ile tunayoyatuma kila siku bila kufikiri: "Mbona hamjibu?" "Kama hamwezi si mseme?" Wengi wanaamini majina ya walalamikaji wale yalikuwa ya kubuni, lakini hila ile ilifaulu kwa sababu hakuna aliyeiona ngeni. Tumezoea kumdai mtu asiyekuwa na deni letu.

Ukali hauhalalishwi na hayo yote. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliwatukana wenzake kwa miaka, hadi Septemba 2018 alipoomba radhi na kukaa kando kwa muda, na kanuni mpya za maadili zikapitishwa. Linux haikuanguka. Na kumwambia mgeni "soma mwongozo", ilhali mwongozo ni wa Kiingereza, ni mrefu, naye anausomea kwenye simu, ni kumfukuza. Mpe kiungo na umwonyeshe sehemu.

Kuhusu inboksi, iko hoja moja ambayo wajuzi hawajaijibu vizuri. Dada akiuliza swali kundini, mara nyingi hupata jumbe za faragha zisizohusu kompyuta hata kidogo, naye hujifunza kunyamaza au kumtafuta mtu mmoja anayemwamini. Hiyo si haya ya mgeni, ni tahadhari ya mtu aliyesumbuliwa. Msimamizi anayewahi kufuta swali lililorudiwa lakini akamwacha msumbufu kundini amekosea pa kuanzia. Amtoe siku hiyo hiyo, aseme mbele ya wote kwa nini amemtoa, ndipo atakuwa na uso wa kumwambia dada yule aulize hadharani.