Nilisoma Namba Zote

Kwa kuwa shemeji yangu ameshatuma kwenye kundi la familia ujumbe wa sauti wa dakika nne, ambamo dakika tatu nzima anacheka tu, nimeona ni haki yangu kueleza mwenyewe yaliyotokea Jumamosi katika barabara ya Bagamoyo. Kwanza nakanusha kwamba nililia. Kilichokuwa usoni mwangu ni jasho, na yeyote aliyewahi kusimama Mapinga saa saba mchana mwezi wa Februari atanielewa.

Mnaonifuatilia mnakumbuka kwamba mwezi uliopita matairi ya kigari changu yalikuwa kipara kiasi cha kujiangalia humo kama kwenye kioo. Tairi jipya moja lilikuwa shilingi 130,000; la mtumba kutoka Japani lilikuwa 60,000, na mimi ni mtu ninayejua hesabu. Hata hivyo sikwenda kununua kama kipofu. Nilisoma kwa siku tatu. Nilijua kuwa 175/65R14 maana yake ni upana wa milimita 175, kimo cha ubavu kilicho asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 14. Nilijua pia kuwa tarakimu nne za mwisho katika namba ya kiwandani hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo nilipofika kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, nikapiga magoti kwa tochi ya simu na kutangaza kwa sauti kwamba tairi hili ni la wiki ya 45 ya mwaka 2021, muuzaji alinitazama kwa heshima, akasema, "Bosi, wewe tairi unazijua." Baada ya maneno hayo angeweza kuniuzia tairi la trekta.

Ubavuni kulikuwa na neno STUDLESS kwa herufi kubwa. Nilimuuliza ni nini, naye akajibu bila kupepesa macho kwamba hiyo ndiyo kampuni yenyewe, orijino ya Japani, na wenye nazo hawaziachi.

Kwa wiki tatu niliisifu kampuni hiyo. Nilimshauri jirani yangu mwenye gari kubwa kuliko langu kwamba, akiweza, na yeye atafute Studless. Wenzangu kazini waliponiuliza kuhusu mipasuo midogo midogo iliyojaa kwenye kashata za tairi, kama iliyochanjwa kwa wembe, niliwaeleza kuwa ni ya kupitisha hewa ili tairi lisipate joto. Herufi Q iliyofuata namba ya uzito niliitafsiri kuwa ni kwaliti. (Q ni mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa. Endeleeni kucheka.)

Basi Jumamosi tulikuwa tunampeleka baba mkwe Bagamoyo. Huyu ni mzee aliyeendesha malori ya Dar es Salaam hadi Tunduma kwa miaka mingi, hasemi sana, na tangu nimuoe binti yake sijawahi kumsikia akinisifu kwa jambo lolote. Tulipopata pancha sikutetereka hata kidogo. Kwa kweli nilifurahi, maana nilijua sasa ataliona tairi kwa karibu.

Fundi alikuwa chini ya mwarobaini. Alilifungua tairi, akalizungusha polepole kwenye beseni la maji, kisha akaacha kulizungusha. Akabonyeza mpira kwa kidole gumba. Akabonyeza tena. Halafu akayatazama yale matatu yaliyobaki kwenye gari, moja baada ya jingine, kama daktari anayehesabu wagonjwa.

"Bosi, unatokea wapi?"

"Tabata," nilisema.

"Nilidhani unatoka kwenye barafu. Haya ni matairi ya theluji."

Nilicheka kwa upole, kama mtu anayemsamehe asiyejua, nikamwambia kuwa hiyo ni Studless, kampuni ya Japani. Baba mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kreti ya soda, akavaa miwani. Akainama. Akapitisha kidole juu ya neno lile herufi kwa herufi, tangu S ya kwanza hadi S ya mwisho, na ninaapa kidole hicho kilichukua nusu saa. Kisha akamuuliza shemeji, ambaye tayari alikuwa ameshika simu, "Maana yake nini hiyo?"

Shemeji akasoma, akanyamaza, akasoma tena, akasema kwa sauti iliyoanza kutetemeka, "Maana yake, baba, ni lisilo na misumari."

Na hapo hapo, bila kupanga na mtu, fundi akavuta plaizi, akautoa kwenye tairi langu msumari wa inchi tatu, akauinua juu tuuone sote.

Baba mkwe aliutazama msumari, akanitazama mimi, akavua miwani. "Mwanangu," alisema, "hawa watu wamekudanganya mara mbili."

Yaliyofuata hayana maana. Fundi alieleza kuwa mpira huo ni laini makusudi ili usigande kwenye baridi, na kwa lami yetu unasagika kama kifutio cha shule. Usiku nilisoma kwamba zamani Wajapani walifunga matairi yenye misumari wakati wa theluji, yakasaga lami na kutimua vumbi hadi ikatungwa sheria ya kuyazuia mwaka 1990, ndipo haya yasiyo na misumari yakatawala. Mama mkwe ameniulizia namba ya sweta. Nimenunua mapya kwa mkopo.

Yale ya zamani niliyarudisha Gerezani jana, na muuzaji akakubali kuyachukua kwa nusu ya bei. Kabla hajanihesabia fedha akaingia kijana mmoja nadhifu, akapiga magoti, akawasha tochi ya simu, akaanza kusoma namba kwa sauti. Alipofika kwenye lile neno akainua kichwa na kuniuliza mimi, kama mteja mwenzake, iwapo naifahamu kampuni hiyo.

Nikasema nimewahi kuisikia.